Pua ya Saindou

Karani Abdou aliisoma ile karatasi mara mbili, kwanza kwa Kifaransa kama ilivyopigwa chapa, kisha kwa Kikomori, ili Saindou asije akasema hakuelewa. Alijisumbua bure. Saindou alielewa tangu mara ya kwanza. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi na minne chini ya Mfaransa hujifunza maneno ya kusifiwa, ambayo ni machache, na ya kukaripiwa, ambayo hayaishi. Neno la leo alikuwa amelisikia mara nyingi likiwaangukia wenzake. Uzembe. Yeye halikuwahi kumwangukia.

"Uzembe mkubwa," Abdou alirudia, macho yake mezani. "Ndivyo ilivyoandikwa. Mafuta ya kwanza ya mwezi wa Desemba yamekataliwa Ufaransa, madebe yote sita. Wanasema ni mazito, yananuka majani. Musye Garrel anasema aliyeyakata ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi sikiliza. Ukitia saini, unabaki kazini. Onyo linakaa kwenye jalada lako, na ukikosea tena, hata kidogo, unatoka bila cheti. Ukiacha kazi mwenyewe kabla ya kutia saini, Musye atakuandikia cheti safi, na karatasi hii ataichana. Amekupa mpaka mwisho wa mwezi."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Saindou aliaga kwa adabu, akatoka, akafika getini, akagundua kwamba kofia yake ameiacha juu ya kiti cha karani. Hakurudi kuichukua.

Hapo lazima nieleze kazi yenyewe, maana asiyejua mlangilangi atadhani huyu mtu alikuwa akikata kuni. Katika kisiwa cha Nosy Be, pwani ya Madagaska, miaka hiyo ya elfu moja mia tisa thelathini na kitu, maua ya mlangilangi yalichumwa na wanawake alfajiri, kabla jua halijayachoma, na kufika saa mbili asubuhi yalikuwa yamo ndani ya mitungi mikubwa ya shaba, yakichemshwa. Mvuke ulipita kwenye bomba la kupoozea, ukatoka tone kwa tone, maji na mafuta. Mafuta yanayotoka mwanzo ndiyo ya kwanza, mepesi, yale ambayo mabibi wa Paris huyapaka nyuma ya masikio. Baadaye yanakuja ya pili, kisha ya tatu, mazito, ya kutia kwenye sabuni. Hayaji na kengele. Lazima awepo mtu anayesimama pale bombani, ananusa, na kusema: sasa. Hapo chombo kinabadilishwa. Huko ndiko kukata. Ukikata mapema unapoteza mafuta ya thamani, ukichelewa mazito yanaingia na kuharibu yote. Kipimo cha kioo kilikuwapo zamani, kikavunjika, na Musye Garrel, mwenye kiwanda, hakuagiza kingine. Aliwaambia wageni wake kwamba anacho kipimo kinachokula wali na kwenda msikitini Ijumaa.

Kwa hiyo Saindou alikuwa mtu wa maana. Sokoni Hell-Ville watu walimletea karafuu na vanila anuse aseme kama zimekauka sawa. Nami sitaficha, alikuwa na kiburi kwa hilo. Tombo, Msakalava wa hapo kisiwani aliyekoleza moto kwenye tanuri, alimwomba mara tatu amfundishe, na mara tatu Saindou alimjibu kwamba pua haifundishwi, mtu huzaliwa nayo. Ulikuwa uongo mtupu. Yeye mwenyewe alifundishwa miaka miwili na mtu ambaye sasa ni marehemu.

Sasa, Desemba ile ilitokea nini? Ilikuwa Ramadhani, basi. Saindou alipokuwa mdogo mwalimu wake wa chuo cha Kurani alimfundisha kwamba kunusa manukato huku umefunga hakufunguzi, ila ni makuruhu, na mwenye kuacha amefanya vyema zaidi. Wengine walilisikia jambo hilo wakalipita. Saindou hakuweza. Yeye harufu ya yale mafuta ya kwanza ilikuwa starehe yake, kama tumbaku kwa mwingine. Kila asubuhi alipoinama pale bombani, mwili mzima ulimlegea kwa raha, na alijua hivyo, na kila mwaka mwezi ulipoingia aliona aibu kukaa na njaa huku pua inafanya karamu. Mwaka ule alisema basi. Alitia pamba puani, akakata kwa saa ya ukutani: saa tano kamili, kila siku. Siku za jua saa haikumwangusha. Siku za mvua, maua yakija yamelowa na kuni za kutoka ng'ambo, Antsahampano, zikija mbichi, mazito yaliwahi kuja, na saa haikujua kitu. Naye hakumwambia mtu.

"Kamwambie sasa," alisema mkewe Echata jioni ile. Alikuwa akichambua mchele, na Saindou alikuwa akizunguka uani, anainuka, anakaa, anainuka. "Mwambie Musye sababu. Wewe si mzembe. Kila mtu kisiwani anajua kwamba wewe si mzembe."

"Nikimwambia sababu, wataumia wengine. Kuna watu watano wanaofunga pale kwenye mitungi. Si unakumbuka shamba lile la ng'ambo ya kilima? Mtu mmoja alizimia kwa saumu, wakawatoa wote wanaofunga, wakawapeleka kulima. Zoubeir ana watoto sita. Nimpeleke Zoubeir kulima kwa sababu ya pua yangu?"

"Basi tia saini."

"Nitie saini kwamba mimi ni mzembe?"

"Basi acha kazi."

"Niache kazi niende wapi, Mama Charifa?"

Echata aliweka ungo chini. "Baba Charifa, mimi nimekwambia mambo matatu, na yote matatu umeyakataa. La nne sina. Kaa chini ule."

Alikula matonge mawili. Kilichomkera zaidi hakikuwa hata ile saini. Alikuwa akihesabu miezi. Ramadhani ijayo ingeingia Novemba mwishoni, mvua zikianza. Akibaki, atafanya nini? Atatia pamba tena, akosee tena, atoke bila cheti? Au atanusa, na kila siku jua likichwa ajiulize kama amefunga au ameshinda njaa tu? Swali hilo lilimfuata kitandani, likamfuata msikitini, likamfuata kazini, ambako aliendelea kunusa na kukata kama kawaida.

Siku ya tatu alikumbuka barua ya shemeji yake Msa, mume wa dada yake, ya tangu mwaka jana. Mahajanga, mtaa wa Tanambao, kuna mtu anatengeneza mafuta ya nywele na maji ya manukato ya harusi, anatafuta mjuzi. Saindou aliomba ruhusa ya wiki moja, akasema anakwenda kumtazama dada yake. Musye Garrel alimpa bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti.

Meli ya pwani ilimfikisha Mahajanga kesho yake mchana, naye alikuwa amesimama njia nzima, maana kila alipokaa alijiona anatia saini.

Dada yake mkubwa, Zaïtoun, alikuwa na nyumba ya mabati mtaa wa Mangarivotra, yenye upepo mwingi na wageni wengi. Alimpokea kwa maneno ya Kikomori, akawafukuza kuku kwa Kimalagasi, akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Umekonda," alisema. "Na kofia iko wapi?" Saindou alisema imepotea.

Msa alimpeleka Tanambao asubuhi iliyofuata. Mwenye karakana aliitwa Athoumani, mtu mchangamfu, mwenye mikono inayoteleza mafuta ya nazi, na Saindou alimpenda papo hapo. Alimwonyesha masufuria, chupa, vibandiko vyenye picha ya bibi harusi. Alimwonyesha pembe ambapo wafanyakazi huswali adhuhuri, mikeka imekunjwa vizuri. Mwezi wa Ramadhani, alisema, hapa tunafunga kazi saa saba, kila mtu akapumzike. Saindou alisikia kifua kikifunguka. Alikuwa hajavuta pumzi nzima tangu siku ya karatasi.

"Na tazama bahati," Athoumani alisema, akivuta debe kutoka chini ya meza. "Mafuta ya kwanza ya mlangilangi, kutoka huko kwenu. Ufaransa wameyakataa, yakashushwa hapa bandarini, nami nikayanunua. Wazungu wamezidi kuchagua. Nusa."

Saindou aliitambua alama ya Musye Garrel kabla debe halijafunguliwa. Aliinama, akanusa.

Kwanza lilikuja ua lenyewe, safi, likimsalimu kama mtu wa nyumbani. Halafu nyuma yake ukaja uzito, harufu ya majani yaliyochemshwa, chungu kidogo, inayobaki kooni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyanusa mafuta aliyoyakata mwezi ule wa Ramadhani. Aliweza hata kuzijua siku. Ilikuwa ile wiki ya mvua, maua yamefika yanachuruzika na Tombo amepiga kelele kwamba moto hauwaki, na yeye Saindou amesimama na pamba yake puani, ametulia, anatazama saa ya ukutani. Angevuta pumzi moja tu, angejua. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Mpaka dakika hiyo alikuwa akijiona mtu aliyeonewa.

"Ni mabaya," alisema.

"Ni mazuri ya kutosha," Athoumani alicheka. "Tutayachanganya na mafuta ya nazi, na wanawake wa Mahajanga watanukia mpaka mtaa wa pili. Kazi yako ni kupima vikombe na kukoroga."

"Na kunusa?"

"Kunusa nini, ndugu yangu? Nazi ni nazi. Utaanza lini?"

Saindou alisema atajibu kesho. Msa, ambaye alikuwa amemsifia shemeji yake kwa Athoumani tangu mwaka jana, alitangulia njia nzima kwa hatua za hasira.

Alasiri hiyo Saindou alitembea uani kwa Zaïtoun kutoka ukutani hadi kisimani, kutoka kisimani hadi ukutani, mpaka dada yake akaweka mwiko chini.

"Kuku wangu hawatagi ukizunguka hivyo. Kaa. Niambie kilichokutoa Nosy Be, na usiniambie umekuja kunitazama."

Akamwambia yote. Pamba, saa ya ukutani, Zoubeir na watoto sita, ile karatasi, lile debe. Akamwambia pia jambo ambalo hakuwa amemwambia hata Echata, kwamba karakana ya Athoumani ilimvutia kwa sababu pale angeweza kufunga miaka yake yote iliyobaki bila kukosea, kwa kuwa pale hakuna cha kukosea.

Zaïtoun alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mimi sikusoma," alisema. "Lakini nisaidie kuelewa. Mwaka jana uliacha kunusa mwezi mmoja kwa ajili ya Mungu. Sasa unataka kuacha miezi yote kumi na miwili kwa ajili ya Musye?"

Saindou alimkasirikia dada yake mpaka magharibi, kisha akamwomba nauli ya meli, na asimwambie Msa.

Alirejea Nosy Be zikiwa zimebaki siku mbili. Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye tanuri, akamkuta Tombo amechuchumaa anapanga kuni, uso mweusi kwa masizi.

"Bado unataka kujifunza kunusa?" alimuuliza.

Tombo hakuinuka. "Si ulisema mtu huzaliwa nayo?"

"Nilisema uongo."

"Miaka sita umesema uongo."

"Miaka sita. Unataka au hutaki?"

Tombo alipanga kuni tatu zaidi, taratibu, ili Saindou asubiri kidogo naye aonje. Kisha akasema anataka. Yeye, kama alikuwa na dini yoyote, alikuwa mtu wa kanisa, na Ramadhani haikumhusu.

Kutoka hapo Saindou akapanda ofisini. Musye Garrel alikuwa amekaa, karatasi iko mbele yake, na cheti kizuri kimekwisha pigwa chapa kando yake, kinangoja saini tu. Saindou alikiona kile cheti. Nisiseme kwamba hakukitamani.

"Nimekuja kusema kosa ni langu," alianza, kwa Kifaransa chake. "Mwezi wa saumu mimi sinusi. Mimi peke yangu. Wengine wanafunga na kazi yao inakwenda, mitungi yao haikuharibika hata siku moja, unaweza kuuliza. Pua yangu ndiyo iliyofunga."

Musye aliinua macho. "Kwa nini hukusema Desemba?"

"Ungetutoa sote."

"Ningewatoa," Musye alikubali, bila haya wala hasira. "Na Novemba hii?"

"Mwezi huo atanusa Tombo."

"Mkoleza moto? Anajua?"

"Atajua. Akikosea, karatasi ya pili ni yangu, si yake."

Musye aligonga kalamu mezani. "Na akijua kukuzidi?"

Hilo Saindou alikuwa amelifikiria melini, usiku na mchana. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba neno uzembe litolewe, liandikwe kosa. Musye alisema karatasi ikishapigwa chapa haibadilishwi. Basi Saindou akachukua kalamu, na badala ya kuandika jina kwa herufi za Kifaransa kama alivyozoea, aliandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za chuoni, mstari mzima: Nimekosa, sikuzembea, mimi Saindou.

"Jina lako ni refu hivyo?" Musye aliuliza.

"Nimelitia la baba," Saindou alisema.

Abdou, aliyekuwa amesimama mlangoni akiusoma ule mstari kutoka mbali, alipata kikohozi cha ghafla, ikabidi atoke nje. Alirudi na kofia.

Miezi saba Saindou alifundisha. Alimfunga Tombo macho akampa vitambaa vya kunusa: hiki cha saa tatu, hiki cha saa nne, hiki cha saa tano na robo. Alimkataza tumbaku, Tombo akanung'unika, akaacha. Alimgombeza vibaya kuliko ilivyohitajika, na siku ambazo Tombo alipatia mara kumi kati ya kumi alimgombeza zaidi. Echata alilisikia jambo hilo kwa Zoubeir, akacheka peke yake jikoni.

Ramadhani ikaingia na mvua. Siku ya kwanza maua yalifika yamelowa chapachapa. Saindou alitia pamba puani, akasimama na mkono kwenye chombo cha pili, tayari kubadilisha. Tombo aliinama bombani. Saindou alimtazama uso, na uso haukumwambia kitu. Hakuwahi kujua kwamba na yeye, miaka yote hiyo, alikuwa hasomeki vile.

"Sasa," Tombo alisema.

Ilikuwa mapema mno. Saa ya ukutani ilikuwa haijafika hata saa tano kasorobo, na hata kwa mvua ile Saindou angengoja. Pamba ilikuwa nyepesi. Kidole kimoja tu kingetosha kuitoa, pumzi moja, na asingekuwa amefungua, ni makuruhu tu, hata mwalimu alisema. Karatasi ya pili ilikuwa yake. Echata alikuwa wake, na watoto.

Akabadilisha chombo.

Alishinda siku ile kama mtu mwenye homa. Aliswali adhuhuri akasahau rakaa, akarudia. Alifika nyumbani, akatoka, akarudi. Adhana ya magharibi ilipolia alifungua kwa tende moja na maji, akaswali, akainuka kabla uji haujapoa, na Echata hakumuuliza anakwenda wapi.

Kiwandani taa ilikuwa imewashwa. Tombo alikuwepo, amekaa juu ya kuni zake, na ilionekana alikuwa akimngoja tangu mchana. Saindou hakumsalimu. Alichukua chupa ya mafuta ya kwanza, akatoa kizibo, akanusa.

Akanusa mara ya pili, polepole, akitafuta ule uzito wa nyuma, ule uchungu wa majani. Aliutafuta kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta kitu. Haukuwapo. Lilikuwepo ua peke yake, mpaka mwisho. Yeye hata kwa mvua ile angengoja robo saa zaidi, na angelikosa hili.

"Vipi, Fundi?" Tombo aliuliza.

Saindou alirudisha kizibo, akakikandamiza vizuri kwa kiganja.

"Mazuri," alisema. "Kuliko yangu."